Nilimrudisha Mzee Bahi

Mwezi wa saba mwaka 2023 niliingia fildi kwenye tawi la benki moja kubwa hapa Dodoma mjini. Jina la benki naliacha. Siku ya kwanza tu nilisaini karatasi ya kutunza siri za wateja, na karatasi ile naiheshimu mpaka leo. Isitoshe, kosa ninalotaka kulisimulia ni langu, si la benki. Hata mzee mwenyewe nimembadilishia vitu vidogo vidogo ili asitambulike na majirani zake.

Kwa ambaye hajapita chuo: fildi ni yale mafunzo kwa vitendo tunayopelekwa baada ya mitihani ya mwisho wa mwaka. Kwetu ni wiki nane. Unapewa barua ya chuo, unazunguka nayo maofisini mwenyewe, na ukipata pa kukupokea unaanza kujaza logibuku kila siku: leo nimefanya hiki, leo nimejifunza kile. Mimi nasoma mambo ya uhasibu na fedha Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), kule kilimani, na kila anayesoma kozi yangu anataka benki. Nilipeleka barua sehemu tano. Mbili hawakujibu kabisa, mbili walisema nafasi zimejaa, na ya tano nikaambiwa nije Jumatatu, saa mbili kasorobo, nimevaa kiofisi.

Nguo za kiofisi nilizitafuta Sabasaba kwenye mitumba: sketi nyeusi mbili na koti moja la kijivu. Koti lilinifaa sana, maana Dodoma mwezi wa saba si ile Dodoma ya jua kali wanayoisimulia watu wa Dar. Ni baridi ya upepo. Unashuka kwenye daladala asubuhi vumbi linakupiga usoni na vidole vimekufa ganzi. Mji nao unakuwa umepungua watu, maana Bunge la bajeti likishafungwa mwishoni mwa Juni, waheshimiwa na misafara yao huondoka, na nyumba za wageni zilizokuwa zimejaa tangu Aprili zinabaki na funguo ukutani.

Nilikuwa na picha yangu kichwani. Nilijua nitakaa mbele ya kompyuta na afisa mikopo, tuchambue mizania ya kampuni, tupige hesabu za riba, tujadili nani akopeshwe na nani asikopeshwe. Mwaka wa pili nilikuwa nimefaulu vizuri sana somo la usimamizi wa fedha, na nilitaka nikaonyeshe.

Nikapewa kiti cha mlangoni.

Kiti chenyewe kilikuwa kando ya meza ndefu yenye fomu na slipu, na peni mbili zilizofungwa kamba. Kazi yangu ilikuwa kumpokea mteja anayeingia, kumuuliza amekuja kwa shida gani, kumwelekeza dirisha la kwenda, na kumsaidia kujaza karatasi kama hawezi kujaza mwenyewe. Dada aliyekuwa anasimamia huduma kwa wateja, ambaye ndiye aliyekuwa bosi wangu, aliniambia: "Wewe ndiye benki ya kwanza anayoiona mtu akiingia kutoka nje." Nilitikisa kichwa kwa adabu, ila moyoni nilisononeka. Usiku ule nilimpigia mama Manyoni nikamwambia nimewekwa mlangoni. Akaniuliza, "Umesimama au umekaa?" Nikamwambia nimekaa. Akasema basi nimshukuru Mungu.

Siku mbili tatu za kwanza walinizungusha ndani nione kazi zote, na hapo niliona vitu ambavyo darasani vilikuwa maneno tu. Niliona chumba cha fedha kikifunguliwa asubuhi. Hakuna mtu mmoja anayeweza kukifungua. Lazima wawe wawili, kila mmoja na ufunguo wake, na hata meneja wa tawi na ukubwa wake wote hawezi kuingia mle peke yake. Darasani tulifundishwa kanuni hiyo kwa sentensi moja, nikaiandika kwenye mtihani nikapata maksi. Lakini kusimama koridoni ukaona watu wawili wazima wanaofahamiana miaka sita wanasubiriana kimya, kila mmoja na zamu yake ya kugeuza ufunguo, ndipo unaelewa kwamba benki haikujengwa juu ya dhana kwamba watu ni wabaya. Imejengwa ili mtu mwema asiachwe peke yake na kishawishi, wala na lawama.

Niliona pia keshia mmoja akipata shoti. Ilikuwa mwisho wa mwezi, siku ya mishahara, foleni imetoka nje mpaka barazani. Jioni kila mmoja anafunga hesabu yake: zile zilizoingia, zile zilizotoka, na zilizobaki mkononi lazima zikubaliane na mfumo. Za yule kaka hazikukubaliana. Zilipungua elfu kumi. Noti moja nyekundu ya tembo, basi. Walihesabu upya kwa mashine, wakahesabu kwa mikono, wakapitia slipu moja moja, wakaangalia chini ya droo na ndani ya pipa la karatasi. Hakuna aliyemfokea. Wenzake wawili waliokwisha kufunga hesabu zao walibaki wakamsaidia kutafuta mpaka saa moja usiku. Haikuonekana, akailipa mfukoni mwake, kesho yake akarudi dirishani. Mimi nilikuwa nimeshika rundo la slipu nikimsomea namba, na sauti yangu ilikuwa inatetemeka kuliko yake.

Noti bandia nilifundishwa na mama mmoja mtu mzima ambaye amehesabu fedha tangu kabla sijazaliwa. Yeye haanzi na mashine. Anaanza na kidole: anapitisha gumba juu ya maandishi kuona kama yameinuka, anaipigisha noti isikike mlio wake, halafu ndipo anainua kwenye mwanga aone kivuli cha kichwa cha Mwalimu Nyerere na ule uzi. Aliniwekea noti kumi mezani, nifumbe macho nizipapase zote moja baada ya nyingine. Zote zilikuwa halali. Alitaka tu vidole vyangu vizoee iliyo halali kwanza. "Ukiijua nzuri vizuri," alisema, "mbaya itakuja yenyewe."

Baada ya hapo nikarudi kwenye kiti changu, na hapo ndipo nilipokaa karibu wiki zote zilizobaki.

Nikiri kwamba kiti kile kilianza kunifungua macho taratibu. Mwezi wa nane Dodoma ina fedha za aina nyingi. Kuna wafanyabiashara wa mahindi wanaoshuka kutoka Kibaigwa, wanaongea kwa simu mbili kwa pamoja na vumbi la magunia bado limo kwenye kola. Kuna wakulima wa zabibu wa Hombolo na Mpunguzi, maana mzabibu wa Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, na mavuno ya pili huangukia Agosti na Septemba. Kuna watumishi waliohamia na wizara, wanaotaka mkopo wa mshahara wamalizie msingi wa nyumba kiwanja kilipo, Nala au Ihumwa. Kuna wanafunzi wenzangu wanaokuja kuuliza kama bumu, ile fedha ya mkopo wa chuo, limeingia, nao wakinikuta na koti la kijivu wananiita "madamu".

Na kuna wazee. Hao ndio hasa waliokuwa wangu. Mwenye simu janja hana haja na mtu wa mlangoni, na siku hizi hata kijijini kuna wakala. Anayefunga safari mpaka kwenye tawi ana jambo ambalo simu na wakala wameshindwa nalo: kadi imemezwa, jina kwenye kitambulisho limetofautiana na la kwenye akaunti kwa herufi moja, mume amefariki na mjane hajui aanzie wapi. Wengi walinisalimia kwanza kwa Kigogo, "Mbukwenyi", wakanisubiri nijibu. Sisi wa Manyoni tunaijua, kwa hiyo nilijibu, na uso wa mtu ulikuwa unalainika palepale. Wengine walinipa simu zao nzima, na namba ya siri wakanitajia kwa sauti kabla sijawakataza. Nilikuwa nawaambia, "Babu, hiyo usimwambie mtu, hata mimi." Mmoja akanijibu, "Kwani wewe si benki?"

Huyo mzee wa Bahi alikuja Jumanne. Nakumbuka ilikuwa Jumanne kwa sababu ya logibuku, ambayo nitairudia. Mrefu, mwembamba, kofia mkononi tangu anaingia, shati la mikono mirefu limefungwa kifungo mpaka cha shingoni. Nilimwamkia, akaitikia, "Marahaba, mjukuu wangu," akakaa. Alikuwa bwana shamba mstaafu. Alikuwa amezunguka vijiji vya Bahi kwa baiskeli na baadaye pikipiki ya serikali, akifundisha watu mpunga, mtama na uwele, kwa miaka zaidi ya thelathini. Kadi yake ya ATM ilikuwa imeisha muda, kwa hiyo alikuwa anataka kuchukua fedha zake dirishani.

Nilimjazia slipu, akasaini, akaenda dirishani. Baada ya dakika chache akarudi na slipu ileile. Keshia alikuwa ameikataa: sahihi haifanani.

Hili nalo nilieleze kwa wasiolijua. Ukifungua akaunti unaacha sahihi yako benki. Kila unapotoa fedha kwa karatasi, keshia anailinganisha uliyosaini sasa na ile uliyoiacha. Ya mzee ilikuwa ya mwaka 2004. Niliiona kwenye skrini: ndefu, imelala kidogo kulia, herufi ya kwanza ina mkia unaopita chini ya jina lote na kurudi, sahihi ya mtu aliyeandika ripoti kwa mkono maisha yake yote. Ya kwenye slipu ilikuwa imevunjika vipande vipande. Mkia ulianza ukaishia katikati. Mkono wake wa kulia ulikuwa unatetemeka, si sana, kama jani lenye upepo mdogo, lakini peni haisamehe.

Alijaribu tena. Nikampa slipu mpya, akashika mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, akaandika polepole. Ikawa mbaya zaidi, maana sasa ilikuwa inachorwa, haiandikwi. Ya tatu vilevile. Nyuma yake kulikuwa na watu wanasubiri meza, na mlinzi alikuwa ameanza kutuangalia.

Dada wa huduma kwa wateja hakuwepo kitini kwake. Alikuwa ofisini kwa meneja, mlango umefungwa. Ningeweza kugonga. Ningeweza kumwambia mzee asubiri dakika kumi. Badala yake nilikaa wima kwenye kiti changu nikasema sentensi ambayo nimeisikia tangu nikiwa mdogo katika kila ofisi niliyopelekwa na mama:

"Babu, itabidi ukalete barua ya mtendaji wa kijiji ya kukutambulisha."

Hakuna aliyekuwa ameniambia hivyo. Sikuisoma popote. Ilinitoka tu, kwa sauti ya upole kabisa, na kwa namna nilivyoitamka hata mimi mwenyewe niliiamini. Mzee aliniangalia, akauliza kama kitambulisho cha taifa hakitoshi, akakitoa kwenye mfuko wa shati kikiwa ndani ya nailoni. Nikasema hapana babu, mpaka barua. Akasema sawa. Akakunja zile slipu tatu zilizoharibika akaziweka mfukoni, nadhani hakutaka kuacha jina lake pale mezani, akavaa kofia yake akiwa nje ya mlango.

Jioni niliandika kwenye logibuku: "Nimewasaidia wateja kujaza fomu na kuwaelekeza nyaraka zinazohitajika."

Alirudi Alhamisi, na barua. Ilikuwa imeandikwa kwa mkono, ina muhuri wa kijiji wa bluu na picha ndogo imebandikwa kona ya juu. Mtendaji hakuwepo Jumanne jioni alipofika, akampata Jumatano mchana. Safari hii dada alikuwepo kitini, nikampeleka mzee kwake mwenyewe nikiwa najisikia nimemalizia kazi vizuri. Dada akaisoma barua, akaigeuza nyuma, akauliza, "Hii ya nini?"

Nikamweleza.

Hakunikaripia mbele ya mzee. Alimgeukia mzee kwanza akamwomba kitambulisho, akakiangalia, akamuuliza maswali mawili matatu kuhusu akaunti yake, akafungua droo akatoa fomu ya kubadilisha taarifa za mteja. Sahihi mpya, alama ya dole gumba pembeni yake, picha mpya, basi. Kazi ya dakika ishirini. Kila kilichohitajika mzee alikuwa nacho mwilini mwake tangu Jumanne: kitambulisho, uso, na kidole.

Halafu akaniambia mimi, kwa sauti ya chini, "Mkae wote wawili pale, umsaidie apate sahihi anayoiweza. Usimharakishe."

Tulikaa karibu saa nzima. Nilichukua karatasi zilizochapwa upande mmoja nikazigeuza. Nikamwambia babu, tutafute sahihi fupi, ambayo mkono utaikubali hata siku ukiwa umechoka. Mwanzoni aliendelea kuitafuta ileile ya zamani. Anaanza herufi ya kwanza, inapanda vizuri, halafu ukifika ule mkia mkono unakataa, unaruka, anaacha. Aliijaza karatasi nzima hivyo. Sikumkatiza. Nilimwona anaiaga.

Karatasi ya pili akaacha mkia. Akajaribu herufi mbili za mwanzo na mstari mfupi. Mstari ukawa unatoka na mawimbi, nikamwambia mawimbi si tatizo babu, mradi yawe ni yako kila siku. Akacheka kidogo. Akaniambia enzi zake akiwa kazini alikuwa anasaini vocha za pembejeo za kijiji kizima bila kuangalia karatasi. Huku anaandika akanisimulia na habari za benki za wakati huo. Alipoanza kazi miaka ya sabini, ukisema benki ulikuwa na maana ya NBC tu, Benki ya Taifa ya Biashara, iliyoanzishwa 1967 baada ya Azimio la Arusha na kutaifishwa kwa mabenki. Hukuwa unachagua. Sheria ya 1991 ndiyo iliyofungulia mabenki binafsi tena, na 1997 NBC yenyewe ikagawanywa, NMB ikazaliwa humo. Mambo haya mimi niliyasoma kama tarehe za kukariri. Yeye aliyakumbuka kwa foleni: siku ya mshahara mtumishi wa kijijini alikuwa anaomba ruhusa ya siku mbili, ya kwanza ya kusafiri kufika benki, ya pili ya kusimama kwenye mstari.

Alivyotamka "siku mbili", peni yangu mimi ilisimama. Nadhani hakuikusudia. Alikuwa anasimulia ya zamani, macho yake kwenye karatasi.

Ya kumi na ngapi sijui, ikatoka. Herufi mbili zimeshikana, mstari mmoja chini, umekatika kidogo katikati. Akairudia. Ikafanana. Akairudia mara tano, zote zikafanana, za mtu mmoja, huyu wa leo. Nikampelekea fomu. Kabla ya kusaini alifuta kiganja kwenye suruali, akavuta pumzi. Dole gumba nililishika mimi: wino, kisha karatasi, kubiringisha kutoka kushoto kwenda kulia bila kukandamiza. Gumba la mtu wa jembe, mistari imelika sana, ilibidi turudie mara tatu ndipo ikaonekana.

Akaenda dirishani akachukua fedha zake. Alizihesabu noti kwa noti, akazitia kwenye bahasha, bahasha kwenye nailoni, nailoni mfuko wa ndani. Akaniambia, "Ahsante sana mjukuu wangu, Mungu akubariki." Nilitaka kumwambia kwamba barua haikuhitajika. Neno lilifika mdomoni. Nilimwambia. Nilisema, "Babu, nisamehe, Jumanne nilikosea, barua haikuwa lazima. Sikujua, na sikuuliza." Alinyamaza kidogo, akasema, "Na mtendaji alinitoza elfu mbili ya muhuri." Kisha akanipa mkono, wa kulia, ule unaotetemeka, akaondoka.

Jioni ile dada aliniita. Nilitegemea maneno makali. Aliniuliza tu, "Kwa nini hukugonga mlango?" Nikasema niliogopa kusumbua. Akasema, "Kwa hiyo ukamsumbua yeye."

Alinifafanulia pia, na hili nataka liandikwe kwa sababu si haki kumwona keshia kama mkorofi. Sahihi haiangaliwi kwa ajili ya kuwatesa wazee. Wanaoibiwa zaidi kwa sahihi za kughushi ndio haohao wazee, na mara nyingi mwizi hatoki mbali: ni mtoto, ni mjukuu, ni mtu anayelala nyumba moja na kitabu cha hundi au kitambulisho cha mzee. Keshia aliyeikataa slipu ya Jumanne alikuwa anazilinda fedha za mzee. Alifanya kazi yake. Ambaye hakufanya kazi yake ni aliyekuwa kwenye kiti cha mlangoni, aliyetakiwa kujua kwamba nyuma ya kukataliwa kuna mlango mwingine, na kama haujui, auulize.

Nimelifikiria sana hili tangu siku ile. Wote tumekulia kwenye "njoo kesho" na "kalete barua". Nilikuwa naamini maneno hayo yanatoka kwa watu wenye roho mbaya au wanaotaka kitu kidogo. Wapo, sikatai. Lakini mimi sikuwa na roho mbaya na sikutaka kitu. Nilimpenda yule mzee tangu alipoingia, anafanana na babu yangu mzaa mama kwa namna alivyovua kofia. Nilimrudisha kwa sababu sikujua, na niliona aibu kuonekana sijui, nikiwa na koti la kijivu na kitambulisho kifuani. Uoga wangu nikaupa jina la utaratibu, naye akaulipia nauli. Sasa najiuliza ni "njoo kesho" ngapi katika nchi hii ambazo ukizifungua ndani unakuta kijana wa miaka ishirini na moja aliyeogopa kugonga mlango.

Ndiyo maana nashauri, na nilishauri hata kwenye ripoti yangu ya fildi, kwamba kabla chuo hakijatutuma maofisini kitufundishe sentensi moja: "Sina uhakika, naomba usubiri nikaulize." Tuitamke kwa sauti, tuizoee, mpaka isituume. Tumefundishwa kuwasilisha mada, kuvaa, kushikana mikono, kuandika barua rasmi. Hatujawahi kufundishwa kusema hatujui mbele ya mtu aliyetuamini.

Wiki tatu zilizobaki nilibeba daftari dogo. Kila nilipoulizwa nisilolijua niliandika, nikaenda kuuliza palepale, mteja akiwa amekaa. Mjane anayefuatilia fedha za marehemu aanzie wapi? Mahakama ya mwanzo, akiwa na muhtasari wa kikao cha familia na cheti cha kifo, ateuliwe msimamizi wa mirathi. Benki haiwezi kumpa hata akilia, na ni heri aambiwe hivyo siku ya kwanza kuliko ya nne. Asiyejua kuandika kabisa? Dole gumba na picha, na fomu asomewe yote kwa sauti kabla hajaliweka. Jina limetofautiana herufi moja? Hapo majibu ni mengi, inategemea kosa liko upande gani, usibahatishe. Daftari lilijaa kurasa kumi na nne. Mlango wa ofisi ya dada niliugonga mpaka akazoea mgongo wa kidole changu, akawa anasema "ingia" kabla sijamaliza.

Mwalimu wangu alikuja kunikagua wiki ya saba. Alipitia logibuku haraka haraka, akasifia mwandiko. Alipofika Jumanne ile akaweka tiki kama kwenye siku nyingine zote. Nilimsimamisha, nikamwomba nirekebishe. Nikakata mstari mmoja kwa rula nikaandika juu yake: "Nimempa mteja maelekezo yasiyo sahihi, akasafiri bila sababu." Akaniangalia. Akauliza kama nina uhakika nataka hilo libaki, maana benki watalisoma na pengine mwajiri siku moja atalisoma. Nikasema ndiyo. Akaweka tiki nyingine pembeni.

Nilimaliza Ijumaa, katikati ya Septemba. Nilirudisha kitambulisho, yule mama wa noti akanikumbatia, nikapewa barua ya shukrani yenye nembo. Jumamosi nikapanda basi kwenda Manyoni kwa mama. Njia hiyo nimeipita tangu nikiwa kidato cha kwanza, na huwa nalala. Safari hii nilikaa dirishani nikaangalia saa basi lilipoiacha Nala, mashamba yameshavunwa, udongo mwekundu, mibuyu haina jani. Konda alipoita Bahi nikaangalia tena. Ilikuwa karibu saa nzima, na basi letu lilikuwa zuri, halikusimama njiani. Kutoka lami mpaka kijijini kwake, mzee aliniambia, ni bodaboda, na siku ya Jumanne ile alitembea.